Povu na Fuvu Katika Bamba la Shaba

Mabibi na mabwana, mtazameni mtoto huyu. Ameegemea fuvu la binadamu, anapuliza mapovu ya sabuni. Picha hii, iliyochapwa kutoka bamba la shaba lililochongwa, ina maneno mawili ya Kilatini, Quis evadet, yaani "Nani atasalimika?" Ilitoka Haarlem, Uholanzi, mwaka 1594, kwa jina la mchongaji Hendrick Goltzius. Wasomi wa enzi zile waliijua methali ya kale kwamba mtu ni povu, kwa hiyo maana hawakuhitaji kuelezwa.

Mimi nataka tulitazame povu lenyewe. Mchongaji huwa na bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa kama kioo, na kipatasi cha chuma cha pua kilichonolewa mshazari. Anakisukuma mbele kwa kiganja. Penye mzingo anazungusha bamba, lililolazwa juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga. Akikaza, mfereji anaouchimba unapanuka. Akilegeza, unakonda kama unywele. Mstari huo wa kunenepa na kukonda ndio uliompa Goltzius sifa, naye mkono wake wa kulia uliungua utotoni ukabaki na kilema! Fuvu linaonekana mviringo kwa sababu mistari inanenepa kuelekea kivulini.

Povu ni kinyume chake. Weupe wake ni karatasi tupu, mahali ambapo shaba haikuguswa. Kipatasi kikiwa butu huteleza, na mkwaruzo mmoja tu hapo utashika wino, utokee katika kila nakala. Kuuondoa ni kazi: kukwangua, kung'arisha, kisha kuligonga bamba kwa nyuma ili uso urudi sawa.

Katika kuchapa, wino wa mafuta ya kitani hushindiliwa kwenye mifereji, kisha uso hufutwa kwa kitambaa na kumaliziwa kwa kiganja. Ukifuta kwa nguvu mno, wino unatoka hata mferejini. Karatasi nayo iwe na unyevunyevu: ikiwa kavu haizami, mistari inakatikakatika, ikilowa chepechepe, inaukataa wino.

Tena kila nakala inaila shaba kidogo, kwa kufutwa na kwa kubanwa na rola. Mistari myembamba, kama ile inayozunguka mapovu, hutangulia kufifia. Ile mizito ya kivuli cha fuvu hudumu. Basi ukionyeshwa nakala ya picha hii, anza kukagua ukingo wa povu.