Gitaa Lenye Namba ya Stoo

ZUHURA: Haya jamani, karibuni tena. Niko na Masudi, ambaye tangu asubuhi ananiimbia nyimbo za zamani bila kuombwa.

MASUDI: Na sijamaliza, dada yangu.

ZUHURA: Najua. Leo ni bendi za makazini. Kijana wa sasa ukimwambia kiwanda cha nguo kilikuwa na bendi, anadhani unamtania.

MASUDI: Kilikuwa nayo, tena ya maana! Urafiki Jazz, bendi ya kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo. Kiwanda kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa 1968. Miaka miwili baadaye bendi ikazaliwa, itangaze vitambaa vyao. Kiongozi wake Juma Mrisho, ila mjini alijulikana kama Ngulimba wa Ngulimba. Mtindo wao Chakachua.

ZUHURA: Subiri. Chakachua?

MASUDI: (anacheka) Enzi hizo watu walikuwa wanalicheza tu. Habari za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa zimekuja juzi.

ZUHURA: Sawa, lakini kutangaza kanga si unalipia tangazo redioni, basi? Bendi nzima ya nini?

MASUDI: Ila ona upande wa kijana mwenyewe. Mwaka 1970, umetoka kwenu na nguo mbili, sauti unayo. Gitaa la umeme utalinunua na nini? Bado ampulifaya, spika, drams, saksafoni. Wenye vyombo walikuwa vilabu na matajiri wachache. Njia waliifungua NUTA, chama cha wafanyakazi, mwaka 1964: mwanamuziki anaajiriwa, mwisho wa mwezi anapanga foleni ya mshahara kama karani. Wengine wakaiga. Vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz mwaka 1971, watu wa bima na Bima Lee yao, na mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, ikatuletea Mlimani Park, hao hao tunaowaita Sikinde.

ZUHURA: Sikinde imetoka kwenye teksi!

MASUDI: Kwenye teksi kabisa. TTTS ilipoyumba, mwaka 1983 DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wakaichukua bendi. Hao walibahatika. Kwingine mwajiri akianguka, vyombo vinafungiwa na wewe unarudi na koo lako.

ZUHURA: Hapo ndipo mimi naona mashaka. Tunawasifu kuwa walilea vipaji, lakini ukiangalia, mtoto alikuwa anacheza na vitu vya watu.

MASUDI: Kwa hilo nakupa. Mjomba wangu alipiga besi kwenye bendi ya kiwanda kimoja, jina naliacha. Gitaa lake lilikuwa na namba kwa nyuma, imepigwa rangi nyeupe, kama meza na makabati ya ofisini. Wakimaliza dansi saa tisa usiku linarudi stoo, anasaini daftari. Mtunza stoo akiwa kalala, mjomba anakaa mlangoni na gitaa mapajani hadi kuche.

ZUHURA: Sasa nyumbani alikuwa anajifunzia nini?

MASUDI: Ubao. Alichonga ubao wa mninga, akachora mistari ya vidole kwa mkaa, akakaza nyaya nne za breki za baiskeli. Hautoi sauti ya maana, unatoa mkwaruzo tu. Shangazi anasema ulimkosesha usingizi kuliko mtoto mchanga.

ZUHURA: (anacheka) Jamani, shangazi!

MASUDI: Lakini vidole vilijifunza. Wakati huo hakukuwa na shule ya muziki ya mtoto kama yeye. Wakubwa wa bendi ndio walimu: ukikosea mbele ya watu, mpiga solo anakugeukia, anakukazia macho, unajirekebisha kabla ubeti haujaisha.

ZUHURA: Na alipoacha kazi?

MASUDI: Bendi nyingine ilimwita kwa dau nono. Ndiyo ilikuwa mchezo wao, kunyang'anyana wapigaji. Akalipeleka gitaa, mtunza stoo akaligeuza, akasoma namba, akaiwekea alama kwenye daftari. Mkanda wa begani haukuwa na namba.

ZUHURA: Usiniambie.

MASUDI: Anao mpaka leo, umening'inia msumarini nyuma ya mlango. Ukimuuliza, anasema ule aliununua mwenyewe. Shangazi hachangii neno.