Lokidauni ya Uingereza watu waliifuata kweli? Najibu nikiwa Kibosho

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu mnaonifuatilia, shikamooni. Leo sipo Leicester, mji wa Uingereza ninakoishi. Nipo nyumbani Kibosho, huku Moshi, barazani kwa mama, kwa hiyo mkisikia jogoo au jirani anapasua kuni naomba mnivumilie. Nimeegemeza simu kwenye ndoo.

Swali ni lile lile. "Dada, hivi huko Uingereza wakati wa corona watu walikaa ndani kweli, au zilikuwa picha za kwenye televisheni tu?" Linakuja kila nikiweka video, hata ya mapishi. Nikadhani nikifika nyumbani nitapumzika nalo. Juzi sokoni Mbuyuni, mama mmoja ninayenunua kwake ndizi mshare ananipimia huku ananiuliza hilo hilo. Kwenye daladala la kupanda huku, kijana naye akaniuliza. Wengine wanauliza kwa wema. Wengine wanaandika, "Mlijifungia kwa woga, sisi tulimtegemea Mungu." Na kuna aliyeandika, "Ulijifungia mpaka ukashindwa kuja kumzika baba yako." Huyo ndiye amenifanya nirekodi leo.

Nitangulize jambo moja. Nikitaja pauni, kuna watu watasema najitapa. Nikisema sikuwa na hela, watasema naanza kuchangisha. Sichangishi. Na ninayosema ni yaliyonikuta mimi, kwa kibali changu na kazi yangu. Mwenzako aliyekuwa London na uraia ana hadithi nyingine kabisa, msikilize na yeye.

Ya hapa kwetu siyarudii, mliyaishi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapo Arusha, kesho yake ikatangazwa shule zifungwe, mengine mnayajua kuliko mimi.

Sasa jibu. Walifuata. Walifuata sana, wale waliokuwa na uwezo wa kufuata.

Tarehe 23 Machi 2020 usiku Waziri Mkuu wao, Boris Johnson, alitokea kwenye televisheni akawaambia watu wabaki majumbani. Kutoka ni kununua chakula, dawa, mazoezi mara moja kwa siku, na kazi kama haiwezi kufanyika nyumbani. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mzee haogeshwi kwa kompyuta. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi tukiwa wanne: dereva, mimi na kina mama wawili wa usafi. Mji mzima kimya, madirisha yote yana watu. Nikasema hawa wazungu wana nidhamu. Nilikaa na wazo hilo kama mwezi hivi, mpaka nilipojua hesabu zilivyokaa.

Serikali yao ilikuwa inalipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, mpaka pauni 2,500 kwa mwezi. Niambieni nani Moshi hii angelipwa mshahara wake karibu wote akae nyumbani, halafu atoke? Kila Alhamisi saa mbili usiku walisimama milangoni kutupigia makofi sisi tunaokwenda kazini. Nilishukuru, kweli nilishukuru. Lakini Aprili nilipoanza kukohoa, nikatakiwa kukaa ndani siku saba, malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Najua kuna mtu anapiga hesabu sasa hivi: hiyo ni karibu laki tatu, dada analia nini? Chumba changu kilikuwa pauni 110 kwa wiki. Sijataja chakula, sijataja umeme, sijataja kwamba mama alikuwa anasubiri hela ya dawa ya presha. Na kibali changu kilikuwa kimeandikwa kwamba siruhusiwi msaada wowote wa serikali wa watu wenye kipato kidogo. Maneno hayo yalikuwa kwenye kadi, ulitembea nayo mfukoni.

Nilikaa siku zangu saba. Kwa maelekezo ya serikali, wote niliokuwa nao kwenye ile nyumba walitakiwa kukaa kumi na nne. Mwenzetu mmoja wa kutoka Ghana alikuwa anapakia mizigo ghalani, analipwa kwa saa. Siku ya tatu nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa saa kumi alfajiri. Akaenda. Akarudi jioni, tukakutana jikoni, hakuna aliyesema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa, ningemwambia nini?

Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa 2021 kwenye jarida la madaktari la BMJ. Waliokuwa na dalili na wakajitenga siku zote kama inavyotakiwa hawakufika nusu, ilikuwa asilimia 42.5 kwa maneno yao wenyewe. Na waliokuwa na shida ya fedha ni miongoni mwa walioshindwa zaidi. Niliposoma nilimkumbuka yule ndugu na ule mlango wa nyuma.

Leicester yenyewe mliisikia kwenye habari. Nchi ilipofunguliwa tarehe 4 Julai 2020, baa na saluni zikafunguliwa, sisi tukabaki tumefungwa. Ulikuwa mji wa kwanza kuwekewa lokidauni ya peke yake. Watu wa miji mingine wakaanza kusema Leicester hawasikii, wale wahamiaji, wale Wahindi, wanaishi wengi nyumba moja. Iliniuma. Wazee wengi wa Kihindi pale wametoka Uganda, Kenya, hata kwetu Tanzania, nakutana nao dukani wananisalimia kwa Kiswahili. Nyumba ina bibi, mtoto, mkwe na wajukuu, kama hapa tu. Na wapo wanaoshona nguo kwenye viwanda vidogo. Magazeti yaliandika kwamba baadhi ya viwanda vilikuwa vinafanya kazi kipindi kile kile cha kufungwa, kwa malipo chini ya kima cha chini cha sheria, ambacho kilikuwa pauni 8.72 kwa saa. Ukimwona mtu wa hivyo barabarani saa kumi na mbili asubuhi unasema havunji sheria kwa raha yake.

Sasa nigeukie huku. Mdogo wangu ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Hakuna askari aliyemwambia akae ndani. Lakini ndege zilipoacha kuja, nani atapanda Kilimanjaro? Alikaa Kibosho hapa miezi na miezi, alikaa nyumbani kuliko mimi niliyekuwa kwenye lokidauni. Akawa anauza parachichi kwa mkokoteni mjini. Hakulipwa asilimia 80, hakulipwa hata moja. Kwa hiyo mkiniambia "sisi hatukufungiwa," mimi namwona yeye.

Na ninyi mnaosema huku hakuna aliyefuata chochote, hapo pia nakataa. Mama anasema ndoo za maji tiririka zilikuwa kila duka mwanzoni. Hii niliyoegemeza simu ni mojawapo, koki yake imeshakatika. Mwishoni mwa Januari 2021 maaskofu Katoliki wa TEC walipotoa ile barua ya tahadhari, jumuiya ya mama haikusubiri mtu wa serikali. Waliacha kushikana mikono wakati wa kutakiana amani. Na kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, jamani, mbege, watu walianza kuja na kikombe cha nyumbani. Mnaotoka huku mnajua uzito wake. Kata ya kunywea inazunguka toka kwa babu zetu, ukiikataa ni kama umemkataa aliyekunywa kabla yako. Mama yangu mwenye miaka 70 na ushee alitembea na kikombe cha bati kwenye mkoba wake, na hakuna sheria iliyomlazimisha. Hilo kwangu ni kubwa kuliko kukaa ndani kwa kulipwa.

Ila msiba haukukatazika. Hapo ndipo sehemu zote mbili zilivunja, na mimi nimo.

Mei 2020 rafiki yangu alifiwa na mumewe, mtu wa Rombo, pale pale Leicester. Kumleta nyumbani haikuwezekana. Kwenye mazishi tuliruhusiwa watu kumi. Usiku ule angelala peke yake na watoto wawili. Tulikwenda wanawake sita, tukafunga mapazia, tukakaa naye chini kwenye zulia. Ilikuwa kosa kisheria, kutoka nyumbani bila sababu iliyoruhusiwa kulikatazwa. Saa tano usiku polisi wawili wakagonga. Jirani alikuwa amepiga simu, jirani ambaye rafiki yangu humpelekea maandazi. Tukaeleza. Yule polisi wa kike akatazama picha ya marehemu mezani, akasema mna dakika ishirini, kisha kila mtu kwake. Hatukuandikiwa faini. Niliondoka kwa miguu, na mpaka leo nikikumbuka tulivyomwacha pale mlangoni, moyo unaniuma.

Siku hizo hizo, mwezi ule ule wa Mei, magazeti yakatoa habari kwamba mshauri mkubwa wa Waziri Mkuu, Dominic Cummings, alisafiri na familia yake mpaka Durham wakati sisi tumefungwa. Kazini kwetu palichafuka. Mwenzangu mmoja alikuwa hajamwona mama yake aliyekufa kwa corona, alivua aproni akaitupa chini. Mwaka 2022 Johnson mwenyewe alipigwa faini kwa kukusanyika ofisini kwake Juni 2020. Malkia alimzika mumewe Aprili 2021 na watu 30 tu, amekaa kwenye kiti peke yake. Kwa hiyo hata huko msiseme "wazungu" kama mtu mmoja.

Haya. Baba.

Baba alifariki wiki ya pili ya Februari 2021. Mnajua ilivyokuwa ikisemwa miezi ile: changamoto ya kupumua. Hakupimwa, sitasema zaidi ya hapo.

Novemba nilikuwa nimepeleka ombi la kuongezewa kibali. Ada pauni 1,033, na ya afya pauni 1,560, jumla pauni 2,593, karibu milioni nane za kwetu. Nilikopa kwa watu watatu. Sheria inasema ombi likiwa bado linashughulikiwa, ukitoka nje ya nchi linahesabika umelifuta. Ada ya ombi hairudi, na kurudi kazini hakupo. Halafu Tanzania ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa tangu tarehe 22 Januari, na kuanzia tarehe 15 Februari hata mwenye kibali kamili akirudi alitakiwa kukaa hotelini siku kumi kwa gharama yake, pauni 1,750. Zaidi ya milioni tano na nusu. Nilimpigia mwanasheria mmoja aliyenitoza pauni 60 kwa nusu saa kuniambia nililokuwa nimeshalisoma mwenyewe. Nikakaa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga nikaamua nisije. Niliamua mimi. Hakuna aliyenishika. Na yule aliyeandika kwamba nilijifungia kwa woga, nataka asikie hilo.

Mazishi niliyaona kwenye simu ya mpwa wangu. Migombani kumejaa, watu mia tatu au zaidi, wamebanana, barakoa nilihesabu nne. Mimi nilikuwa nimewaona wazee kumi na mmoja wakifa pale ninapofanya kazi, kwa hiyo jicho langu lilikwenda huko badala ya kwenda kwenye jeneza. Nikaandika kwenye kundi la familia, "Jamani vaeni barakoa, mama yupo hapo mbele." Baba mdogo akajibu pale pale, udongo unaendelea kutupwa: "Ungekuja kutuvalisha."

Sikulala siku mbili. Nilikuwa nimetuma milioni mbili za msiba, na nikasikia alisema kwa watu kwamba binti anatuma hela badala ya kutuma miguu. Nilimchukia, nalisema wazi. Mwaka mzima sikumpigia simu. Kibali kilipotoka nilikuja, nikaenda kaburini, nikapita mbele ya nyumba yake bila kuingia. Yeye ndiye alikuwa amembeba baba kwenda hospitali usiku, bila barakoa, bila gari, kwa bodaboda, amemshika katikati. Hilo niliambiwa na mama safari hii tu.

Kama una ombi la kibali saa hizi na mzazi anaumwa, usichukue uamuzi wangu ukaufanya wako. Ada zimeshabadilika, sheria zimebadilika, na wewe unamjua baba yako. Uliza mtu anayejua, uamue.

Jana asubuhi nilikata isale, jani letu la kuombea msamaha, hapo mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikampelekea baba mdogo. Wachagga mnajua isale likiletwa mlangoni lina maana gani. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya dirisha. Tukakaa. Mama mdogo akaleta mtori. Muda mrefu ukapita, kisha akaniuliza, "Hiyo hoteli ya milioni tano, na chakula kilikuwa humo humo?" Nikamwambia ndiyo, baba, na chakula, lakini huruhusiwi kutoka chumbani. Akasema, "Siku kumi." Nikasema siku kumi. Akanisogezea bakuli.

Mama ananiita, kuna majani ya ng'ombe hayajakatwa.