Kebo Kuingia Siyo Kebo Kuongea

Ahsanteni, kaeni. Walionisikia mwaka jana wanajua ninaanzia wapi, nawaona wameshaanza kucheka. Chekeni tu: kebo kuingia siyo kebo kuongea. Nitaacha kulisema siku nitakayomaliza mwezi mzima bila kupigiwa simu na fundi wa PLC, zile kompyuta ndogo zinazoendesha mashine za viwandani, anayeniambia, "Mwalimu, kebo imeingia vizuri kabisa, ila PLC haisomi."

Imeingia! Kwani nani kasema kuingia ndiyo kazi?

Nimebeba PLC 3, ziko hapa mezani. Hii ni Mitsubishi FX, hii Delta DVP, hii MicroLogix ya Allen-Bradley. Tazameni poti ya kupangia programu: ya mduara, matundu 8, zote 3. Nikizifunika majina hakuna atakayezitofautisha kwa poti. Lakini Mitsubishi inaongea RS-422, hizi nyingine mbili RS-232, kanuni mbili tofauti za kupitisha data kwenye waya. Halafu pini: kwenye FX, pini ya 5 ina umeme wa volti 5. Kwenye Delta, pini hiyohiyo ya 5 ndiyo inayotolea data. Sasa wewe nenda Kariakoo ukaseme "nipe kebo ya PLC, ile ya mduara", uone utakachorudi nacho.

Na msidhani nawasema ninyi. Ada ya somo hili nimeilipa mimi. Niliitwa usiku kwenye kiwanda cha maji ya chupa, laini ya kujazia ina Siemens S7-200. Kebo yake maalumu, inaitwa PPI, nimeisahau nyumbani. Kwenye begi nina kebo ya kawaida ya siriali, pini 9 huku, pini 9 kule. Poti ya S7-200 nayo ina matundu 9. Nikajiambia, tisa na tisa, tatizo liko wapi? Nikachomeka. Ikaingia kama imezaliwa pale.

Tatizo lilikuwa pini ya 7. Kwenye poti ya S7-200, ambayo ni RS-485, kanuni nyingine tena, pini ya 7 imebeba volti 24. Kwenye kompyuta, pini ya 7 ni ya kutolea ishara, haikuumbwa kupokea volti 24 za mtu. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu. Poti ya laptopu ilinyamaza, na haijasema neno mpaka leo. PLC yenyewe ikaendelea kujaza chupa kama vile inanicheka. Msimamizi wa zamu akaja na chai, akaniuliza, "Fundi, tayari?" Nikamjibu bado napima.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu mzee anatuhadithia ya kale, siku hizi ni Ethaneti. Sawa. S7-1200 unachomeka kebo ya mtandao ya kawaida, kebo haikusumbui tena. Programu je? Kwa kuwa 200 na 1200 zinafanana majina, mtu anafungua Micro/WIN aliyozoea kwenye S7-200 na kuitafuta S7-1200 mpaka usiku wa manane. Hataiona. Ile inataka TIA Portal. Na TIA Portal nayo ina lake: mradi uliohifadhiwa kwenye V16 haufunguki kwenye V15. Toleo jipya hupokea mradi wa zamani, la zamani halipokei mpya. Kwa hiyo kabla hujalipia leseni, muulize aliyeifunga mashine alitumia toleo gani. Asipopatikana, hilo ni balaa jingine, tusiliingie leo.

Kwa hiyo soma lebo kwanza. Usiishie kwenye jina la kampuni, soma namba yote ya modeli, piga picha. Namba ikupeleke kwenye programu, programu ikuambie inataka Windows ipi, kebo unanunua mwisho. Ninyi mnaanza na kebo kwa sababu ndiyo rahisi mfukoni.

Naonyeshwa saa. Basi mbiombio: adapta za kuunganisha USB ya laptopu na kebo ya siriali. Ndani kuna chipu, na chipu bandia zimejaa. Mwaka 2014 FTDI, watengenezaji wa chipu hizo, walitoa draiva iliyofuta namba ya utambulisho ya chipu za kughushi. Mtu amesasisha Windows, kebo ya jana haitambuliki tena. Kwa hiyo bei ikiwa ya karanga, jiulize. Mpangilio wa mawasiliano: FX na Delta huanzia kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 7 za data, pariti shufwa (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya stopu; ukiacha biti 8 za data utailaumu kebo bure. PLC ya M221 ya Schneider, programu yake ni ya bure na kebo ni ya USB mini, wanafunzi anzeni na hiyo. Omron nilitaka kuisema, basi tena.

Wewe kijana wa nyuma, umenyoosha mkono na kebo tangu nianze. Ya mduara? Ilete hapa. Na namba ya PLC yenyewe unayo?

Nilijua.