Visoda Chini ya Viatu vya Harusi

MUSA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nilikuwa nimeandaa mambo matatu ya kujifunza kutoka kwa wacheza dansi wa Hollywood ya zamani, lakini kabla dada Zainabu hajanitangaza, nakiri mwenyewe.

ZAINABU: Unakiri nini, kaka, wakati jengo zima lilikusikia?

MUSA: Jumanne usiku niliitazama tena ngoma ya ndugu Fayard na Harold Nicholas, Wamarekani weusi waliocheza kwa kugonga sakafu kwa viatu vyenye chuma, katika filamu ya Stormy Weather ya mwaka 1943, nikajiona kijana. Nilichukua visoda vinane, nikavibandika kwa gundi chini ya viatu, nikaanza kugonga sakafu ya sebuleni. Hazikupita dakika tano bibi wa ghorofa ya chini akapiga hodi, akaniuliza kwa adabu zote kama nimeanza kuponda kokoto.

ZAINABU: Waambie ni viatu gani.

MUSA: Viatu vyangu vya harusi.

ZAINABU: Hapo ndipo nilipomhurumia wifi yangu. Lakini bibi yule ndiye mwamuzi wa haki kuliko sote, kwa sababu alisikia bila kuona. Hollywood haikumpa mtazamaji nafasi hiyo. Mara nyingi dansi ilipigwa picha huku muziki uliokwisha kurekodiwa ukichezwa pembeni, na mlio wa miguu ukarekodiwa baadaye studioni, mchezaji akiifuata picha yake mwenyewe hatua kwa hatua. Kwa hiyo miguu unayoiona ni ya siku moja, na mlio unaousikia huenda ni wa siku nyingine.

MUSA: Basi bibi angenisubiri nikarekodi upya.

ZAINABU: Kwa visoda vipi, wakati vitatu viling'oka na kimoja kikaingia chini ya kabati?

MUSA: Tuviache visoda. Ninachotaka kusema ni kwamba ndugu wale hawakufundishwa darasani. Wazazi wao walikuwa wanamuziki katika jumba la maonyesho la Standard huko Philadelphia, na Fayard alijifunza kwa kukaa akitazama wasanii jukwaani, kisha akamfundisha mdogo wake. Mimi nami nilitazama.

ZAINABU: Fayard alitazama tangu utotoni, wewe ulitazama Jumanne. Katika filamu hiyo bendi ya Cab Calloway inapiga, wao wanaruka juu ya meza za wanamuziki, kisha wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana, huyu akimpita mwenzake juu ya kichwa na kutua kwa msamba, na kutoka kwenye msamba wanainuka bila kugusa sakafu kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Fred Astaire mwenyewe, mzungu aliyekuwa nyota wa dansi wa Hollywood, aliwaambia hajapata kuona ngoma iliyopita ile katika filamu.

MUSA: Na huyo Astaire ndiye ninayemweka juu ya wote.

ZAINABU: Nilijua tutafika huko.

MUSA: Alidai kamera imwonyeshe mwili mzima, kuanzia utosi hadi unyayo, na picha isikatwekatwe ovyo, ili mtazamaji asidanganywe. Kwa ngoma ya mwisho ya Swing Time, mwaka 1936, yeye na Ginger Rogers, mwenzake wa kucheza, walirudia mara arobaini na kitu, hadi damu ikaonekana kwenye viatu vya Ginger. Huo ni uchapakazi ninaouheshimu.

ZAINABU: Damu ilikuwa ya Ginger, lakini heshima unampa Fred. Halafu umeiruka ngoma nyingine ya filamu hiyo hiyo, ambamo Astaire alijipaka rangi nyeusi usoni.

MUSA: Ilikusudiwa kuwa heshima kwa Bill Robinson, gwiji mweusi wa ngoma hiyo ya miguu.

ZAINABU: Heshima gani ya kumwigia mtu rangi ya uso ilhali mwenyewe yuko hai na miguu anayo? Mwaka mmoja kabla yake, Robinson alipanda ngazi akicheza na mtoto mzungu Shirley Temple katika filamu ya The Little Colonel, na kule kusini mwa Marekani sehemu waliyoshikana mikono ilikatwa. Ndugu wa Nicholas nao mara nyingi waliwekwa kwenye ngoma isiyogusa hadithi, ili mwenye jumba la sinema akitaka kuiondoa aiondoe bila filamu kuharibika. Astaire alipewa filamu kumi na Ginger. Wao hawakupewa hata mchumba.

MUSA: Sitetei rangi ile. Hata hivyo, waliopanga nani apewe filamu ni wenye studio, nami napima kilichomo ndani ya hatua zenyewe.

ZAINABU: Hatua huwezi kuzipima bila kuuliza nani alipewa sakafu.

MUSA: Ninaweza, na nimezipima.

ZAINABU: Basi umepima kwa visoda, ndugu yangu.

MUSA: Dada, hoja yako ni nzito, ila hainifanyi nimpende Astaire pungufu.

ZAINABU: Wala mimi sikuombi umpende pungufu. Nakuomba usiseme yuko juu ya watu ambao hawakuruhusiwa kushindana naye.

MUSA: Nasema yuko juu.

ZAINABU: Nami nasema hujui.

MUSA: Fundi wetu wa sauti ananionyesha vidole viwili, maana yake dakika mbili, na katika yale mambo matatu sijataja hata la kwanza.

ZAINABU: Yaache. Niambie tu, visoda umevibandua?

MUSA: Vinne vimegoma. Ile gundi ni ya fundi viatu.

ZAINABU: Na Jumamosi tuna harusi ya mpwa wako, ukumbi wenyewe una sakafu ya marumaru.

MUSA: Nitaingia mapema, kabla bendi haijaanza.