Kamera Ipo, Laptopu Ipo, Tundu Hakuna: Mhadhara kwa Wapiga Video wa Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Karibuni nyote wa Mwanga, Ujiji na Gungu, nanyi mliotoka Kasulu alfajiri.

Tunachozungumzia leo ni kitu kimoja. Kamera inapiga vizuri na laptopu inafanya kazi, lakini hakuna pa kuziunganisha ili harusi, ibada au mechi ya Uwanja wa Lake Tanganyika irushwe mubashara. Vifaa vya kuziba pengo hilo wengi wetu tunaviagiza Kariakoo, na kukirudisha kisichofaa ni kukisafirisha zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo tujue tunachoagiza kabla hela haijatoka.

Anza na kamera. Igeuze, fungua vifuniko vyote vya mpira, uone inatoa nini. Kamera za kanda, kama Sony PD170, zina tundu dogo la pini 4 lililoandikwa DV au i.LINK. Hiyo ni FireWire, njia ya kupeleka video ya kidijitali (DV) kwenye kompyuta. Zina pia AV, zile waya za njano, nyeupe na nyekundu. Kamera za baadaye, kama HXR-MC2500, zina HDMI. USB iliyoko kwenye kamera nyingi za kanda isikudanganye: kazi yake kubwa ni kuhamisha picha za mnato kutoka kwenye memori kadi, na hata ile inayotoa video hutoa picha ndogo isiyofaa kumwonyesha mteja.

Ukishajua kamera inatoa nini, njoo kwenye laptopu. Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mtu anaona HDMI kwenye kamera, anaona HDMI kwenye laptopu, anaweka waya katikati na kusubiri picha. Haiji, hata akisubiri mpaka kesho. HDMI ya laptopu za kawaida ni ya kutoa picha kwenda kwenye runinga au projekta. Kamera nayo inatoa. Hakuna anayepokea. Umbo la tundu halikuambii linafanya kazi gani. Lazima ujue ndani linaunganishwa na nini.

Nianze na FireWire, maana ndiko hela nyingi zinakopotea. Kuna waya unaouzwa wenye kichwa cha FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Msiununue. Ndani yake ni nyaya tupu, hakuna chipu yoyote. Wengi hudhani tatizo ni kasi, na sivyo: video ya DV pamoja na sauti yake haifiki megabiti 30 kwa sekunde, wakati USB 2.0 ina megabiti 480. Tatizo ni kwamba mifumo hii miwili haielewani. Kwenye FireWire kamera na kompyuta zinaongea kama wenza, na kila kipande cha picha kimetengewa muda wake. Kwenye USB kompyuta ndiyo inayoamuru kila kitu. Isitoshe, FireWire ya pini 6 ina umeme unaoweza kufika volti 30, na USB inategemea volti 5. Waya kama huo ukikutanisha hivyo viwili, unaunguza.

Njia sahihi ni kadi ya FireWire inayoingia kwenye tundu la ExpressCard, kwa sababu tundu hilo linafika moja kwa moja kwenye njia ya PCI Express ya ubao mkuu. Utalikuta kwenye laptopu za kiofisi za zamani kidogo, kama ThinkPad T420 na T430 au HP EliteBook 8460p, ambazo mitumba yake ni mingi. Kabla ya kununua kadi, zungusha laptopu pembeni kote. Baadhi zina FireWire ndogo ya pini 4 tayari na mwenyewe hajui. Kisha pima upana. Kadi ya milimita 34 inaingia kwenye tundu la 34 na la 54 pia. Ya 54 haiingii kwenye la 34. Kuna pia tundu jembamba la kadi za utambulisho kwenye laptopu hizohizo, na watu hulichanganya na hili. ExpressCard huwa na kifuniko, au kadi bandia ya plastiki unayoisukuma ndani ili itoke.

Laptopu isiyo na FireWire yake, wala tundu hilo, wala Thunderbolt (tundu la kasi linalokubali adapta ya FireWire), achana na FireWire. Tumia AV au HDMI.

Draiva nayo ina shida yake. Kwenye Windows 7, kamera ikionekana na kupotea, ingia Device Manager, fungua kadi ya 1394 (jina lingine la FireWire), badilisha draiva kwa mkono uchague ile yenye neno Legacy. Windows 8 iliiondoa, na Microsoft wakaiweka kama faili la kupakua; ndiyo hiyo inayotumika hata kwenye Windows 10. Wakati wa kuunganisha, zima kamera kwanza, na kichwa cha waya kiangalie vizuri. Tundu la pini 4 ni laini. Ukilazimisha kichwa kikiwa kimegeuka, utaua saketi ya DV ndani ya kamera. Kitu kingine: ondoa kanda. Kamera nyingi zikikaa na kanda bila kurekodi hujizima baada ya dakika chache ili kulinda kanda na hedi, na huo unaweza kuwa ndio wakati bwana harusi anavalishwa pete.

Kwa kamera yenye HDMI, kifaa ni kapcha ya HDMI kwenda USB, yaani kidude kinachopokea picha ya kamera na kuiingiza kwenye laptopu. Zile za bei ndogo huandikwa maneno makubwa na kupakwa plastiki ya bluu kana kwamba ni USB 3.0, kumbe ndani ni 2.0. Piga hesabu: picha ya 1920 kwa 1080, fremu 25, bila kubanwa, ni kama megabiti 830 kwa sekunde. Haipiti kwenye 480. Kwa hiyo kapcha ya 2.0 huibana picha kwa MJPEG. Kwenye OBS, programu ya kurusha matangazo, ukichagua YUY2 (picha isiyobanwa) kwa 1080 utapata fremu 5 tu na utadhani kifaa kibovu. Chagua MJPEG. Kwa harusi inayotazamwa kwenye simu, kapcha hiyo inatosha kabisa. Sioni sababu ya kumtwisha kijana anayeanza gharama ya kifaa kikubwa. Ila msichomeke kapcha mbili kwenye habu moja ya USB 2.0. Zinagawana njia, ya pili inabaki nyeusi. Kwenye menyu ya kamera, zima maandishi ya skrini yasitoke kwenye HDMI, la sivyo watazamaji watakuwa wanaangalia alama ya betri.

AV ni rahisi: nayo ina kapcha yake ya USB, chagua PAL, mfumo wa video wa kwetu. Ukiiacha kwenye NTSC, picha inapoteza rangi au inabingirika. Na kwa AV, DV au 1080i, ambazo mistari ya picha huja kwa zamu, washa Deinterlacing kwenye OBS ili iunganishwe, vinginevyo kila anayecheza ngoma atakuwa na mistari kama kitana pembeni yake.

Sauti mnaipuuza mno. Laptopu mpya zina tundu moja la hedseti, na waya wa mikisa ya sauti ukiingia hapo, sauti huwa haisomwi au inapasuka. Kama kamera ina XLR, lile tundu kubwa la duara la maikrofoni, ingiza mikisa huko, weka swichi kwenye LINE, na sauti itasafiri pamoja na picha ikiwa sawa na midomo ya MC.

Kuhusu bando: picha ya 720 (1280 kwa 720) kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde pamoja na sauti ya kilobiti 128 inakula takriban GB 1.2 kwa saa. Pima kasi ya kupandisha ukumbini penyewe, saa ileile ya shughuli, na usitumie zaidi ya nusu ya uliyoipata.

Kuna swali limeletwa: kwenye mechi, kamera iko jukwaani, laptopu iko kwenye chumba chenye intaneti umbali wa mita 40, urefushe waya gani? Usirefushe wa kamera. FireWire inaishia mita 4.5, USB 2.0 mita 5, na HDMI ya kawaida ikipita mita 10 huanza kukatika. Ipeleke laptopu kwa kamera, kisha vuta waya wa mtandao, ambao unafika mita 100. Laptopu ikikosa tundu la mtandao, adapta ya USB kwenda LAN inatosha. Hata ile ya megabiti 100 ni kubwa mara nyingi kuliko matangazo yako.