Mpishi Naye Akae Mezani

Mabibi na mabwana, karibuni. Nimeombwa tuzungumze juu ya kukaribisha wageni kwa namna ya Kichina, katika jiko la kawaida na kwa vitu vya soko letu. Wengi mkisikia upishi wa Kichina mnafikiria menyu ndefu ya mgahawani. Iwekeni kando. Nyumbani mambo ni mepesi zaidi: kila mtu ana bakuli lake la wali, vitoweo vinakaa katikati, na kila mmoja anachota kidogo kidogo. Sisi tuliozoea kuzunguka sinia hatuna la kushangaa, isipokuwa kwamba wali wenyewe haujatiwa chumvi, mafuta wala nazi. Umeachwa mweupe kwa makusudi, kwa sababu chumvi yote iko kwenye vitoweo. Ukipika wali wa nazi siku hiyo, samaki wako hatasikika.

Watu wanne wanatosheka kwa vitoweo vinne na supu moja. Najua kwetu hesabu hiyo inaonekana ya aibu. Mgeni asipoona pilau, biriani, kuku na sambusa pamoja, tunahisi tumemnyima. Hata China tatizo hili ni la zamani. Yuan Mei, mshairi wa enzi ya ukoo wa kifalme wa Qing aliyechapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1792, anasimulia alivyoalikwa kwa mfanyabiashara mmoja. Meza ilibadilishwa mara tatu, vitafunwa vilikuwa aina 16, na jumla ya vyakula ilipita 40. Mwenye nyumba alikuwa amejaa fahari. Yuan Mei akarudi kwake, akapika uji wa mchele atulize njaa. Alisema wenyeji wa namna hiyo wanalisha macho. Huyu huyu ndiye aliyedai kwamba tofu iliyokolea inaishinda supu ya viota vya ndege, ambayo watu huisifia bei.

Sasa, siri iko hapa, na ndiyo iliyonileta: vitoweo vinne visipikwe kwa njia moja. Anayekaanga vyote vinne kwenye karai atatoka jikoni wageni wanaaga. Chagueni kimoja cha baridi, kimoja kilichopikwa jana, kimoja cha mvuke, na kimoja tu cha kukaanga dakika za mwisho.

Cha baridi ni matango. Yagonge kwa ubapa wa kisu mpaka yapasuke, yakate vipande, yatie chumvi, na baada ya dakika kumi mwaga maji yake. Ongeza kitunguu saumu, siki, sukari kidogo na mafuta ya ufuta. Ufuta wetu wa Lindi na Mtwara unanunuliwa sana na hao hao Wachina, kwa hiyo msiniambie haupatikani.

Cha jana ni nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, iliyochemshwa pole pole kwa saa mbili na sosi ya soya, tangawizi, mdalasini na sukari. Ikilala, inakolea zaidi. Mapishi mengi yatawaambia mtie mvinyo wa mchele. Anayeuepuka asidhani amekosa Uchina. Waislamu wa kabila la Hui wamepika bila pombe wala nguruwe kwa karne nyingi, na tambi zao za nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zinaliwa China nzima.

Samaki wa mvuke ndiye mfalme wa meza, na ndiye rahisi kuliko wote. Sina subira na watu wanaomzamisha samaki changu aliyetoka baharini sasa hivi kwenye mchuzi mzito. Chukua samaki mzima wa gramu 700 hivi, hata sato anafaa. Hauna chombo cha mvuke? Weka bakuli la chuma limepinduliwa ndani ya sufuria kubwa, maji yachemke kwa nguvu, kisha sahani ya samaki juu yake na ufunike vizuri. Baada ya dakika nane hadi kumi, nyama ikiachia mfupa, ameiva. Yale maji yaliyokusanyika kwenye sahani yamwage, ndiyo yenye shombo. Tandaza nyuzi za tangawizi na majani ya kitunguu, mwagia mafuta yaliyopata moto mpaka yalie, halafu sosi ya soya pembeni. Kichwa kielekee kwa mgeni wa heshima.

Adabu za mezani nitazipitia haraka. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, vinafanana na vijiti vya ubani vinavyochomwa kwa ajili ya maiti. Chai humiminiwa mwenzako kwanza, na kikombe hakijazwi pomoni. Katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, anayemiminiwa hugonga meza kwa vidole, ikawa ndiyo asante. Na kila kitoweo kiwe na kijiko chake cha kupakulia. Daktari Wu Lien-teh, aliyepambana na tauni ya Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, ya 1910 na 1911, ndiye aliyehimiza vijiko hivyo pamoja na sinia linalozungushwa katikati ya meza, ili watu waendelee kushirikiana chakula bila kushirikiana maradhi.

Kimebaki cha karai. Kusema kweli, hata China wageni huanza kula huku wakimwita mpishi aje, naye anajibu kutoka jikoni kwamba inabaki sahani moja tu. Hiyo moja iwe ya dakika tatu: chainizi, au kuku. Kuku nimeshamkata vipande vyembamba na kumpaka sosi ya soya, kijiko cha konflawa na mafuta, akakaa dakika ishirini. Hiyo konflawa ndiyo inayomfanya awe laini. Gramu 300 kwa mkupuo, zisizidi, maana karai likijaa linapoa na nyama inachemka badala ya kukaangika. Hapa jiko la mkaa linayashinda majiko yote kwa uzuri, kwani karai lina kitako cha mviringo na linakaa sawasawa juu yake.

Naona karai limeanza kutoa moshi. Mlio mbele sogeeni nyuma kidogo, mafuta yataruka. Maswali tutaulizana tukila.