Ali Bacher: Msiiruke Miaka ya 1980

Mechi za kriketi za 1970 mnazijua. Australia walichapwa 4–0 na Afrika Kusini, Graeme Pollock akafunga mbio 274 kule Durban, na nahodha wa Afrika Kusini alikuwa daktari kijana, Ali Bacher. Sizirudii. Kila anayemsimulia Bacher huanzia hapo, kisha huruka hadi Novemba 1991, Afrika Kusini waliporudi kucheza Eden Gardens, Kolkata. Mimi nimekuja kwa ajili ya hapo katikati, hata kama mmechoka kunisikia.

Nchi ilitengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Bacher, sasa mtu wa ofisi, akawa miongoni mwa waliosuka ziara za waasi: watafute wachezaji wa nje, walipe vizuri, waje. Wakaja Waingereza 1982. Wakaja wa Karibiani, ambao kwao walifungiwa maisha. Wakaja Waaustralia. Ya mwisho ikawa ya timu ya Waingereza chini ya nahodha Mike Gatting, Januari 1990, na hapo maji yakazidi unga. Wafanyakazi wa hoteli waligoma kuwahudumia. Pietermaritzburg, Gatting akalazimika kutoka uwanjani kwenda kupokea malalamiko ya waandamanaji, mkononi. Februari 2 ANC, chama cha Mandela, kikaondolewa marufuku, Februari 11 Mandela akatoka gerezani. Bacher akakubali ziara ikatizwe, awamu ya pili ifutwe.

Najua kuna atakayenyoosha mkono: mbona tangu 1986 Bacher alipeleka kriketi kwa watoto wa vitongoji vya weusi? Alipeleka, sikatai. Lakini jamani, asubuhi unamfundisha mtoto kurusha mpira, jioni unaalika timu ambayo baba yake anaandamana kuipinga?

Na msiseme namshusha. Alikaa meza moja na Steve Tshwete wa ANC, na 1991 bodi za kriketi zilizokuwa hazisalimiani, ya weupe na ya wasio weupe, zikawa moja. Viongozi wa michezo wanaokubali kufuta jambo walilolisuka wenyewe, mimi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki.

Haya, mwenyekiti ananitazama. Aprili 2000 Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini, alimpigia Bacher simu usiku wa manane kukiri kwamba hakuwa mkweli kuhusu fedha za wacheza kamari. Hilo peke yake ni mhadhara. Kombe la Dunia 2003, Bacher akiwa mtendaji mkuu wa mashindano: England wakagomea Harare, New Zealand wakagomea Nairobi, Kenya wakapata pointi za bure. Siku chache baadaye Mkenya Collins Obuya akaangusha wiketi 5 za Sri Lanka, yaani akawatoa wapigaji watano, palepale Nairobi, na hizo hakupewa na mtu.